Bonde Lisiloingiwa na Usiku

Wegesa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, anapepeta ulezi wa uji, aliposikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba. Alikitambua kikohozi kile kabla hajamwona mwenyewe. Kilikuwa cha Kisyeri, mume wake, ambaye walimzika mwaka ule wa mvua nyingi, kabla watu hawajahamishwa. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akamsubiri azunguke pembe ya nyumba. Jua lilikuwa limeshazama na jirani alikuwa anafungia mbuzi wake.

Kisyeri alikuja taratibu, amejifunga blanketi lile lile walilomzikia, macho mekundu kama ya mtu anayetoka kukesha kwenye matanga. Alikuwa amekonda. Kwa umri wake na kwa hali yake, hilo halikuwa jambo la kumshtua mtu.

"Mama Robi," alisema, "una mahali pa kulala?"

"Umetoka huko bondeni kwa miguu?"

"Nitoke kwa nini kingine?"

"Na huko umekosa nini?"

"Usiku," alisema Kisyeri. "Huko hakuna usiku tena. Nimejaribu kulala, nimeshindwa. Mimi na mwanga hatupatani, unajua."

Wegesa alijua. Enzi za uhai wake mtu huyu hakuwa anapata lepe la usingizi hata kama ni kaa moja tu linalowaka mekoni. Ilikuwa lazima lifukiwe kwa majivu kwanza. Akamwingiza ndani, akamtandikia ngozi ya ng'ombe upande wenye giza zaidi, akaziba dirisha kwa gunia. Aligeuka amuulize kama atakula, akakuta mume wake anakoroma.

Sasa, ili ieleweke usiku wa bondeni ulikwenda wapi, ni lazima zielezwe habari za gesi.

Mwaka wa ukame mkubwa, serikali ilileta mashine ya kuchimba kisima katika bonde la Nyamiraba, ambako watu wa ukoo wa Kisyeri walikuwa na miji yao, nyumba na mazizi, tangu babu wa babu zao. Wachimbaji walichimba wakitafuta maji, ukatoka upepo. Upepo wenyewe ulinuka kama yai viza. Mmoja wa wachimbaji alikaa kando ya shimo, akawasha sigara, akapoteza nyusi zote mbili. Hazijaota mpaka leo, ingawa yeye anasema zinakuja.

Ndipo akaja Ndugu Heche, mtaalamu kutoka makao makuu, kijana mpole mwenye suruali nyeupe isiyoshika vumbi. Akaitisha mkutano, akaeleza kwamba ule haukuwa upepo bali gesi asilia, na kwamba inapendekezwa kujengwa hapo mtambo wa kufua umeme. Faida zitaanza na wananchi wenyewe: taa kila nyumba, mashine ya kusaga isiyohitaji dizeli, zahanati yenye jokofu la dawa, kazi kwa vijana. Kwa kuwa mtambo ni mali ya wote, watu watapaswa kupisha bonde na kwenda kuishi pamoja kijijini, juu kwenye mgongo wa kilima. Na kwa kuwa Operesheni ya kuwakusanya watu vijijini ilikuwa inakuja kuwahamishia huko huko kwa vyovyote, aliwaona watu wa Nyamiraba kuwa wana bahati, maana wenzao walihama bure.

Watu walipiga makofi, na wasilaumiwe. Mwanamke aliyesaga ulezi juu ya jiwe tangu akiwa mtoto, akiahidiwa mashine, hana sababu ya kukunja mikono. Wegesa alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Baada ya mkutano Heche alizunguka mji hadi mji akiuliza kilichopo. Alipofika kwa Wegesa akasimama langoni mwa zizi, kalamu mkononi.

"Shikamoo mama. Hapa pana nini?"

"Marahaba, baba. Hapa zizi."

"Zizi tu?"

"Zizi tu."

Hilo ndilo lililokuja kumgharimu, lakini asingeweza kujibu vingine. Kwa desturi yao mwenye mji huzikwa pale pale langoni mwa zizi, bila saruji wala msalaba, hata kama alibatizwa, ili ng'ombe wakitoka na kurudi wampite juu na yeye asikie kwato na ajue kwamba mali ipo. Kaburi la namna hiyo halionyeshwi mgeni. Mgeni anaweza kuwa mtu mwema au mchawi, na suruali nyeupe haikuonyesha upande wowote. Mji wa pili walimjibu hivyo hivyo, na wa tatu, na mingine yote. Mkutano uliofuata Heche alitangaza kwa furaha kwamba bonde la Nyamiraba lina mazizi mengi na halina kaburi hata moja. Watu walitazama chini. Hakuna aliyemsahihisha.

Walihama. Bonde likazungushiwa seng'enge, na Tomaso, kijana wa pale pale, akapewa koti na rungu awe mlinzi. Jioni ya siku ambayo lango lilifungwa, giza lilishuka kutoka vilimani kama kawaida yake, likafika kwenye seng'enge, likasimama. Ndani ya uzio ikabaki kuwa saa kumi alasiri. Watu walitoka nje ya nyumba zao mpya zilizopangwa mistari, wakatazama chini. Waliviona vilele vya nyasi, mawe ya mafiga waliyoyaacha, hata jogoo mmoja aliyesahaulika akiendelea kuparura. Huku juu mtu alikuwa haoni kiganja chake. Kulipokucha, jua la kawaida likaungana na lile la bondeni na tofauti ikafutika. Jioni ikawa vile vile. Tomaso aliomba kofia, akaahidiwa.

Heche alipoletewa taarifa alikuja, akatazama, akaridhika. Alieleza kwamba hayo ni manufaa ya awali. Mwanga umetangulia, mtambo unafuata. Wanawake wakaomba waruhusiwe kukaa kandokando ya uzio jioni wachambue mboga na kusuka ukili. Heche akasikitika kuwaambia kwamba mwanga ule bado ni wa mradi na haujagawiwa. Kusema kweli hata wangekaa pale wasingepata kitu, kwa sababu mwanga wenyewe haukuvuka seng'enge hata kwa upana wa kidole.

Kwa hiyo Kisyeri alipokuja kuomba mahali pa kulala, Wegesa hakuwa na la kuuliza zaidi. Alikuja kila jioni, akaondoka kabla ya jogoo kuwika, kwa sababu mwenye zizi ni lazima awe langoni asubuhi, ng'ombe wawepo wasiwepo. Wengine nao walianza kupanda kutoka bondeni, kila mmoja akielekea kwa watu wake. Wenye nyumba walisogeza vitu. Wapo waliolalamika kwamba nyumba za Operesheni zilijengwa kwa kipimo cha watu walio hai, lakini walilalamika kwa sauti ya chini.

Huenda mtu akadhani Wegesa alikuwa anahangaika. Alikuwa anahangaika, ndiyo, lakini pia alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu ujana wake, na alikuwa anaionea aibu. Kisyeri alikuwa na wake wawili. Wegesa alikuwa mkubwa. Alipoolewa Bhoke, mwenye meno mazuri na kicheko, aliyekuja kumzaa Ryoba, Kisyeri alihamishia kwake blanketi, kiko na maradhi yake, na huko ndiko alikofia. Sasa, kati ya nyumba zote za mgongo wa kilima, alikuja mwenyewe kwa Wegesa. Wegesa alipika ugali wa ulezi kila jioni. Mumewe hakula, ila aliinama juu ya sinia akavuta mvuke, akasema, "Huu ndio ugali," na Wegesa akamsogezea sinia karibu zaidi.

Haikuchukua muda Bhoke akaja, asubuhi na mapema, mikono kiunoni.

"Mama Robi, nasikia Baba Ryoba analala kwako."

"Analala."

"Na zamu yangu je?"

"Zamu zako ulizimaliza akiwa hai, mke mwenzangu. Hata za kwangu ulizila."

Bhoke alishusha mikono kutoka kiunoni. Aliondoka bila kuaga, na Wegesa alimtazama mgongo mpaka alipopotea kati ya mistari ya nyumba. Siku ile alilima bila kuchoka.

Hata hivyo alijua mambo hayawezi kukaa hivyo. Mtu hawezi kupandisha kilima kila jioni na kukishuka kila alfajiri milele, hata akiwa amekufa. Wegesa alitaka kitu kimoja tu: aruhusiwe kuingia bondeni, ajenge kibanda kidogo cha nyasi juu ya lango la zizi, apate giza la kumtosha mtu mmoja. Akaenda kwa Stanslaus, mwenyekiti wa kijiji, akamkuta yuko na Heche mezani.

"Ndugu mtaalamu," alisema Wegesa, "kwenye zizi langu amelala mume wangu."

Heche alimtazama kwa upole. "Mama, ulinijibu mwenyewe kwamba ni zizi."

"Ni zizi. Yeye yuko langoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanangu, ungekuwa na baba amelala mahali, ungemwonyesha kila anayepita?"

Heche alifikiri. Akasema kwamba jambo hilo si dogo, kwa sababu mradi umeombewa kibali kama ardhi isiyo na makaburi, na likionekana hata moja kazi yote itaanza upya. Atahitaji uthibitisho. Wegesa akamwambia uthibitisho huja kila jioni jua likizama, asubiri tu atausalimia. Heche akajibu kwa masikitiko ya kweli kwamba muda wa kazi unaisha saa tisa na nusu. Akamgeukia Stanslaus amuulize kama yeye, kama kiongozi, anafahamu kaburi lolote bondeni.

Baba yake Stanslaus alikuwa analala kwenye ghala lake la mahindi, na alikuwa na tabia ya kuimba usingizini. Nusu ya kijiji ilikuwa inamsikia. Stanslaus alitazama kucha zake.

"Sifahamu," alisema.

Wegesa alitoka akiwa na uchungu kuliko siku ya mazishi. Siku ile angalau watu wote walikubali kwamba mtu amekufa.

Wiki chache baadaye ikaja habari kwamba wakubwa wa mkoa wanakuja kuona maendeleo ya mradi. Mtambo ulikuwa bado unapendekezwa, kwa hiyo palihitajika kitu cha kuwaonyesha. Heche akaleta bunda la waya na taa moja. Ncha moja ya waya aliifunga kwenye nguzo ya uzio, nyingine akaivuta kupandisha kilima, ikamwishia kwenye nyumba ya kwanza ya mstari wa chini. Nyumba hiyo ilikuwa ya Wegesa.

"Mwenyekiti, usinifanyie hivi," Wegesa alimwambia Stanslaus wakiwa pembeni. "Unajua analala kwangu. Taa ikiwaka ataenda wapi?"

"Mama Robi, nielewe. Tukikataa, watasema Nyamiraba wamekataa maendeleo. Watapeleka mradi kwingine. Hata mashine ya kusaga tutaikosa, na wewe ulipiga makofi kuliko wote."

"Basi ipelekeni kwa Bhoke. Ataifurahia."

Alisema hivyo haraka, na kabla hajamaliza alijua kwa nini amesema hivyo. Nyumba ya Bhoke ikiwaka, Kisyeri atabaki kwake Wegesa daima. Stanslaus alimwita Heche, Heche akapima kwa macho.

"Waya haufiki," alisema.

Taa ikatundikwa katikati ya chumba, juu ya ngozi ya ng'ombe. Iliwaka palepale, mwanga wa saa kumi alasiri, ukaingia kila pembe. Swichi haikuwepo, ilikuwa imependekezwa pamoja na mtambo. Majirani walikuja kuangalia, wakasifu, wakaona buibui wa Wegesa na viraka vya blanketi lake, wakaenda zao.

Wegesa alijaribu kila kitu. Aliifunika taa kwa gunia, mwanga ukapita. Akaifunika kwa chungu, ukapita kwenye chungu kama maji kwenye kitambaa. Mwishowe akachukua panga akakata waya nyuma ya nyumba. Waya ukaanguka kwenye nyasi, taa ikaendelea kuwaka. Akaogopa, maana kuharibu mali ya umma kulikuwa na jela yake, akaziunga zile ncha kwa kamba ya katani. Hakuna aliyewahi kugundua, na taa haikujali.

Jioni ya kwanza Kisyeri alifika mlangoni, akasimama. Alitazama ndani akiwa ameweka mkono juu ya macho.

"Wamekufuata na huku?" aliuliza.

"Wamenifuata."

Akakaa nje, ameegemea ukuta, lakini mwanga ulitoka kwenye kila ufa wa udongo ukamkuta. Hakulala. Jioni iliyofuata hakulala. Wegesa alikaa naye, akamfunika kichwa kwa kanga yake, akamfunika na ya pili, ikawa kazi bure. Akamwomba aende apumzike kwenye kichaka, lakini Kisyeri alikuwa mtu wa heshima; hakuwahi kulala kichakani kama fisi na hakuwa tayari kuanza sasa. Kwa jirani nako haendi mtu kulala wakati ana wake.

Ndipo akaanza kusahau. Kwanza alisahau idadi ya ng'ombe aliowaacha, jambo ambalo watu wa kwao hawasahau hata wakiwa na homa. Kisha akamsahau Robi, binti yao wa kwanza, akauliza huyo Robi anayetajwa ni mtoto wa nani. Wegesa alimweleza taratibu, akiwa ameshika mkono wake uliokuwa mwepesi kama suke lililopurwa. Jioni moja Kisyeri alipanda kilima, akasimama mbele ya kigoda, akamwamkia.

"Shikamoo mama," alisema. "Hapa ni mji wa nani?"

Wegesa alimtazama usoni. Akaona wazi kwamba mtu huyu akikosa usingizi kwa muda zaidi hataijua njia ya kurudi langoni, atapita bondeni na kuendelea, na hakutakuwa na wa kumwita jina. Aliwaza pia, na hakujificha mwenyewe, kwamba ni afadhali apotee akiwa wake kuliko alale akiwa wa Bhoke. Alilishikilia wazo hilo kwa muda, kwa sababu lilikuwa tamu. Kisha akainuka, akamshika mkono, akamwongoza kati ya mistari ya nyumba.

Nyumba ya Bhoke ilikuwa ya mwisho, mstari wa juu, nyeusi tii. Bhoke alikuwa amekaa mlangoni, anajisugua miguu kwa jiwe. Aliwaona wakija, akaacha.

"Mama Robi."

"Nimekuletea."

Bhoke alimtazama mumewe, akamtazama mke mwenziwe. Kama alikuwa amejiandaa kusema neno, na bila shaka alikuwa nalo, alilimeza.

"Mwingize," alisema.

"Kaa la moto usiliache wazi. Lifukie."

"Najua. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

"Na dirisha?"

"Kwangu hapa dirisha hawakuweka."

Kisyeri aliinama akapita mlangoni bila kuuliza ni kwa nani, kama alivyokuwa akifanya zamani. Wake wawili wakabaki nje wakimsikiliza. Haikupita muda wakasikia anakoroma. Bhoke akamsogezea Wegesa kigoda, na Wegesa akakaa kidogo, kwa adabu, kisha akarudi kwake. Aliiona nyumba yake tangu mbali, na alilia njia nzima.

Wakubwa wa mkoa walikuja Alhamisi kwa magari mawili. Walisimama chumbani kwa Wegesa wakiwa wameinua nyuso, wakapiga makofi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti nzuri, akamuuliza mama anaonaje faida ya mradi. Stanslaus alimtazama kwa macho ya kuomba.

"Naona kila kitu," alisema Wegesa.

Jibu hilo liliwapendeza sana. Walitangaza kwamba kwa mafanikio haya mtambo utaendelea kupendekezwa, na kwamba kuhusu mashine ya kusaga wananchi wawe na subira. Heche aliwapitisha bondeni, wakaona kwa macho yao ardhi safi isiyo na kaburi. Jioni walipoondoka, giza lilishuka likasimama kwenye seng'enge, na madereva wakawasha taa za magari.

Usingizi ulimkimbia Wegesa. Alijilaza kwenye ngozi, akajifunika uso kwa mikono, akaona mifupa ya vidole vyake. Mchana alisinzia juu ya jembe. Siku moja alisimama kisimani, asikumbuke kwa muda jina la kijito walichokuwa wakiteka maji bondeni. Likamrudia, akatwika ndoo yake, akaenda.

Kisyeri alirudiwa na akili zake. Alikumbuka ng'ombe wote, madume kwa majike, na nani alimpa yupi. Kila alfajiri aliposhuka kutoka kwa Bhoke kurudi langoni mwa zizi alipita kwenye mstari wa chini, amejifunga blanketi lake, uso umetulia kama wa mtu aliyeshiba. Wegesa alikuwa tayari nje, ameegemea ukuta unaovuja mwanga.

"Mama Robi," alisema Kisyeri, "umelala?"

"Nimelala, Baba Robi."

"Haya," alisema, akashuka kwenda bondeni.